Barua 97 Zisizosomwa

Jumatano ya tarehe 1 Agosti 2012, saa mbili na dakika moja asubuhi kwa saa za New York, mtambo mmoja wa kampuni ya Knight Capital uliwatumia wafanyakazi barua pepe. Ikafuata nyingine, kisha nyingine. Kufikia saa tatu na nusu, muda wa soko la hisa kufunguliwa, zilikuwa zimeshafika 97. Zote zilitaja mtambo uleule na kosa lilelile: kipande cha programu kiitwacho Power Peg kimezimwa. Kipande hicho kampuni ilikuwa imeacha kukitumia tangu 2003. Kwa nini jina lake liibuke baada ya miaka tisa, tena asubuhi ya siku ambayo toleo jipya la mtambo linaanza kazi? Kila aliyepokea barua zile angeweza kuuliza swali hilo. Hakuna aliyeuliza.

Soko likafunguliwa. Katika muda wa dakika 45 hivi, mtambo ule ulifanya biashara zaidi ya milioni 4 katika hisa za kampuni 154, biashara ambazo hakuna mteja aliyeziagiza. Hasara ilizidi dola milioni 460 za Marekani. Kampuni iliyoanzishwa 1995, ambayo biashara zake zilikuwa karibu asilimia 10 ya hisa zote zilizouzwa na kununuliwa katika masoko ya Marekani, ilifikia ukingoni kabla ya saa tano asubuhi.

Nakisimulia kisa hiki nikiwafikiria vijana wetu wa Kilwa, Lindi na Mtwara, kwa sababu New York si mbali kama tunavyodhani. Ufuta na korosho zetu siku hizi huuzwa kwa minada ya mtandaoni kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Mkulima hufikisha mzigo ghalani, chama cha msingi (AMCOS) hupima, na wanunuzi huweka bei zao kwenye kompyuta. Pembeni mwa shughuli hiyo kuna vijana wanaoandika programu ndogondogo: hesabu za malipo za AMCOS, orodha za uzito, ujumbe wa bei kwa wakulima, hata utaratibu wa kuwapangia boti wageni wanaokwenda kuona magofu ya Kilwa Kisiwani. Wengi hawana chumba cha seva wala hawakihitaji. Hukodi mtambo kwenye huduma za wingu, uko Cape Town, Johannesburg au Ulaya, hawajauona wala hawatauona, na wanauamrisha kwa maneno machache wanayoyachapa kwenye kile kioo cheusi cha terminali.

Amri zikishazoeleka, kijana huziandika zote kwenye faili moja, ndiyo skripti, na tangu siku hiyo hachapi tena moja moja. Anabonyeza mara moja, toleo jipya linapanda lenyewe. Ni kazi nzuri na siwakatazi. Nami hufurahi ninapoona mistari ile ikipita kwenye kioo, mmoja baada ya mwingine, mpaka neno la mwisho: imekamilika. Ndiyo maana naandika. Neno hilo linatuliza moyo upesi mno, na sidhani kuna kati yetu aliye salama na utulivu huo.

Tukirudi Knight, kwanza tuelewe kilichotendeka. Soko la hisa la New York lilikuwa linaanzisha utaratibu mpya wa kuwahudumia wawekezaji wadogo, na siku ya kuanza ilikuwa hiyo 1 Agosti. Knight ikaandika toleo jipya la mtambo wake wa kutuma maagizo sokoni, na kuanzia 27 Julai mafundi wakawa wanalipandisha hatua kwa hatua kwenye seva nane. Fundi mmoja alilinakili kwenye seva saba. Ya nane akaisahau. Toleo hilo jipya lilitumia alama ambayo zamani ilikuwa ya kuiamsha Power Peg.

Chukua madau manane ya Kilwa Kivinje yanayovua pamoja usiku. Zamani taa nyekundu ikiwashwa ilimaanisha shusheni nyavu. Desturi hiyo ikaachwa, miaka ikapita, kisha wakakubaliana taa ileile sasa imaanishe rudini pwani. Madau saba yakapewa habari, la nane likasahauliwa. Taa inapowaka, saba yanageuka na la nane linashusha nyavu. Tena yule aliyekuwa akihesabu samaki na kusema sasa basi, alishahamishiwa chombo kingine zamani, kwa hiyo dau linajaza mpaka linazama.

Hilo la mhesabuji sikulitia kwa kunogesha. Power Peg ilikuwa na kihesabio chake: agizo la mteja likishatimia, kihesabio huiambia programu iache kutuma. Mwaka 2005 mafundi walikihamisha kihesabio hicho mahali pengine ndani ya mtambo, na hawakuijaribu tena Power Peg kuona itafanyaje bila hicho. Waijaribu ya nini, na ilikuwa imeshaachwa? Lakini hawakuifuta. Ikabaki ndani ya mtambo, haina kazi, haina breki, ikisubiri mtu aiwashe. Asubuhi ile maagizo 212 ya wateja yaliangukia mikononi mwa Power Peg, na kila agizo likawa chanzo cha maelfu ya maagizo mengine yasiyokoma.

Kwa hiyo dalili ya kwanza ilikuwepo miaka tisa kabla ya ajali. Msimbo uliokufa usioondolewa ni jambo la kawaida mno. Fungua skripti yoyote iliyokaa miaka miwili, utakuta mistari ambayo hakuna anayejua inafanya nini. Anayekuja baada yako anaiacha kwa adabu, akiogopa kuharibu. Adabu hiyo ni hatari. Kama mstari hauna kazi, ufute leo ukiwa bado unaye mtu anayekumbuka ulikuwa wa nini.

Baada ya kunakili, hapakuwa na fundi wa pili wa kukagua kazi ya wa kwanza, wala utaratibu wowote ulioandikwa wa kumtaka mtu afanye hivyo. Tume ya Masoko ya Mitaji ya Marekani, SEC, ililitamka hilo wazi katika uamuzi wake wa Oktoba 2013, ilipoitoza Knight faini ya dola milioni 12. Seva nane si kitu. Mtu angeweza kuzipitia zote huku chai yake haijapoa. Ila aliyefanya kazi mwenyewe ndiye asiyefaa kuikagua mwenyewe, kwa sababu macho yake yanaona alichokusudia kufanya. Hili nalisema hata kwa kijana anayefanya kazi peke yake pale Kilwa Masoko na hana mwenzake. Tafuta mtu. Mpigie rafiki aliye Lindi mjini, msomee orodha kwa sauti. Kusikia tu sauti yako ukitaja seva ya nane kunaweza kukushtua.

Halafu zile barua. Ukisikia barua 97 unadhani watu wale walikuwa wazembe, na hapo ndipo sisi wasomaji wa kisa tunapojidanganya. Barua zile hazikuundwa ziwe king'ora. Zilikuwa taarifa za kawaida za mtambo, zikaenda kwa kundi la watu, na watu hao kwa kawaida hawakuwa wakizisoma zinapoingia. Hakuna aliyeambiwa kwamba zikija asubuhi ya namna hii, wewe fulani ndiye utakayeinuka. Kila mmoja angeweza kudhani kuna mwingine anayezishughulikia. Na sisi je? Huduma za wingu hutuma barua kila siku: bili, sera mpya, matangazo, tahadhari. Zote zinaingia kwenye sanduku moja, la mtu aliyefungua akaunti miaka mitatu iliyopita, ambaye huenda siku hizi yuko Dodoma kwa kazi nyingine. Nikiulizwa ghafla ni nani anayesoma barua za mitambo ninayoitegemea mimi, ningejikuna kichwa kwanza.

Kulikuwa na dalili nyingine ambayo huwa haitajwi sana. Biashara zile za ajabu zilikuwa zikirundikana katika akaunti moja ya ndani. Akaunti hiyo iliwekewa kikomo cha dola milioni 2, lakini kikomo hicho hakikuunganishwa na kitu chochote chenye uwezo wa kuzuia maagizo. Kioo cha kufuatilia kilikuwepo, ila hakikupiga kelele. Kilimtegemea mtu akikodolee macho. Basi kikomo kilivukwa, kikaachwa nyuma maelfu ya mara, na mtambo ukaendelea na kazi yake. Kikomo kisicho na mkono wa kuzuia ni mapambo. Ukiweka bajeti kwenye akaunti yako ya wingu, angalia vizuri: je, ikifikiwa mtambo unasimama, au unaletewa barua tu, ya 98?

Hasara ile ingeweza kuwa ndogo zaidi. Dakika zikiwa zinakwenda, mafundi waliona kuna tatizo na wakaanza kulitafuta huku soko likiendelea. Hawakuwa na utaratibu uliokwisha kufanyiwa mazoezi. Katika haraka hiyo wakalishuku toleo jipya, wakaliondoa kwenye zile seva saba zilizokuwa sawa. Alama ileile ikaendelea kuingia, na sasa seva saba zikaungana na ya nane kuiamsha Power Peg. Ninapofika hapa huwa nasimama kidogo. Walifanya kile ambacho wengi wetu tungefanya: kitu kipya kimeleta balaa, kitoe, rudisha cha zamani. Kurudi nyuma ni jambo jema ikiwa unajua nyuma kuna nini.

Wawekezaji waliiokoa Knight kwa dola milioni 400 ndani ya siku chache, na mwaka uliofuata ikaunganishwa na kampuni ya Getco. Jina likaanza kusahaulika.

Wapo watakaoniambia: hao walinakili kwa mkono, wangekuwa na skripti wasingeisahau seva ya nane. Ni kweli nusu. Skripti haisahau, lakini nayo inaweza kushindwa kuifikia seva ya nane kwa sababu mtandao umekatika sekunde tatu, ikaandika kosa katikati ya mistari mia mbili inayopita mbio, ikaendelea mpaka mwisho na kutamka imekamilika. Skripti nyingi, usipoziambia zisimame penye kosa, haziwezi kusimama zenyewe. Ndiyo maana mstari wa mwisho usiwe wa kutangaza ushindi. Uwe wa kuuliza: iulize kila seva inaendesha toleo lipi, linganisha majibu, na moja likitofautiana, skripti nzima ihesabike imeshindwa. Kazi hiyo ni ya mistari michache.

Ukiwa huku kwetu, suala la mtandao si la kufikirika. Mwezi Mei 2024 unatosha kuwa ushahidi. Tarehe 4 kimbunga Hidaya kilifika pwani upande wa Mafia, mvua zikamwagika, na barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ikakatika Somanga, wasafiri wakakwama. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, ilikuwa imeshatoa tahadhari kabla, zikatangazwa redioni. Siku nane baadaye, tarehe 12, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania ikadhoofika nchi nzima. Waziri wa Habari wa wakati huo, Nape Nnauye, ambaye pia alikuwa mbunge wa Mtama hapahapa mkoani Lindi, ndiye aliyeutangazia umma. Barabara ya nchi kavu na barabara ya baharini zilikatika ndani ya wiki mbili.

Sasa mfikirie anayepandisha programu akiwa na laptopu yake na bando la simu siku kama hiyo. Seva tatu zimepokea toleo jipya, ya nne iko katikati, mtandao unakatika. Skripti iliyokuwa ikiendeshwa na laptopu inakufa pale ilipofika. Hifadhidata imeshabadilishwa muundo, nusu ya mitambo inaijua hali mpya, nusu haijui. Hiyo ndiyo hali ya Knight, tofauti ni kwamba hapa hakuna aliyesahau. Kwa hiyo skripti yenyewe isiishi kwenye laptopu. Iweke kwenye mashine iliyo hukohuko wingu, wewe uipe agizo tu, na bando likikatika iendelee mpaka imalize au ijirudishe. Pandisha kwanza seva moja, iache ifanye kazi, itazame, ndipo uende kwa nyingine. Haraka ya nini? Ufuta haukimbii.

Kuna kisa kingine cha kuongezea, kwa sababu kinaonyesha upande wa pili wa zile barua. Usiku wa 31 Januari 2017, fundi mmoja wa kampuni ya GitLab, ambayo huwahifadhia waandishi wa programu misimbo yao, alikuwa akihangaika kurekebisha seva ya pili ya hifadhidata. Ilikuwa usiku na kazi ilikuwa imekataa kwa muda mrefu. Akaamua kufuta data iliyo kwenye seva ya pili ili aanze upya. Amri aliichapa kwenye terminali ya seva ya kwanza, ile yenye data halisi ya wateja. Majina ya seva hizo mbili yalitofautiana kwa tarakimu moja. Alizinduka baada ya sekunde moja au mbili akakatisha, lakini kati ya gigabaiti 300 hivi zilibaki nne na nusu.

Wakasema turudi kwenye bakapu. Walikuwa na njia zaidi ya moja za kuhifadhi nakala, na moja baada ya nyingine zikaonekana hazina kitu au hazifai. Nakala ya kila siku ilikuwa haifanyiki, kwa sababu programu ya kunakili ilikuwa ya toleo 9.2 wakati data ilikuwa ya 9.6. Mtambo ulijua unashindwa. Ulikuwa ukituma barua pepe kulalamika. Ila barua hizo hazikuwa na sahihi ya usalama iliyotakiwa, zikakataliwa mlangoni, na hakuna aliyewahi kuziona. Kilichowaokoa ni nakala ambayo fundi aliichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa ajili ya majaribio mengine kabisa. Walichopoteza ni kazi ya wateja ya saa hizo sita.

Knight barua zilifika zisisomwe, GitLab hazikufika, na watu wakaufasiri ukimya kuwa ni usalama. Ukimya huo ndio unaonitia hofu zaidi. Ikiwa bakapu yako haijalalamika tangu Pasaka, usiseme inafanya kazi. Iharibu makusudi siku moja, ubadilishe neno la siri liwe la uongo, uone kama simu italia. Na nakala usiihesabu kuwa nakala mpaka umeirudisha mahali ukaifungua na kuona majina ya wakulima yamo.

GitLab wana sifa moja ninayowapa kwa moyo wote: waliyaandika makosa yao hadharani, na kazi ya kurejesha data wakairusha moja kwa moja watu wakitazama. Moja ya hatua walizojipangia baadaye ni ndogo hata ikachekesha, ya kubadilisha maandishi ya mwanzo wa mstari kwenye terminali ili kila seva ijulikane mara moja. Ifanyeni leo. Terminali ya mtambo halisi iwe nyekundu, ya majaribio ya kijani, na kila amri ya kufuta idai uchape jina la seva kwa ukamilifu. Amazon nao, baada ya amri moja iliyochapwa vibaya tarehe 28 Februari 2017 kuondoa seva nyingi kuliko ilivyokusudiwa na kuangusha sehemu ya hifadhi yao kwa saa kadhaa, walikibadilisha chombo chenyewe. Sasa huondoa polepole, na hukataa kushuka chini ya kiwango ambacho huduma inakihitaji. Hawakutosheka na kumwambia fundi awe mwangalifu.

Neno langu la mwisho ni kwa viongozi wa vyama vya msingi wanaowapa vijana hawa kazi. Msiwaulize tu programu itakuwa tayari lini. Waulizeni nani atakayepokea simu mtambo ukilalamika usiku, jina lake na la atakayemshika mkono akiugua. Waombeni wawaonyeshe, mbele yenu, toleo jipya likipanda na likirudishwa nyuma. Minada ya ufuta huanza masika yakielekea kwisha, kwa hiyo Aprili ndio mwezi wa zoezi hilo, mvua ikiwa bado inanyesha, umeme ukicheza na mtandao ukikatika. Kijana akiweza kulifanya siku hiyo, akiwa ofisini kwenu Nangurukuru kwa bando la simu, mlipeni.